Lifti Iliyotafakari

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na kwetu, na barabara ya kwendea huko imekatika siku nyingi. Watu wake si jamaa zetu, viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote tunayemjua, na msomaji akiona humu sura anayoifahamu, afute miwani yake asome tena. Ilikuwa nchi tulivu. Ilikuwa na mto, ilikuwa na reli, ilikuwa na Wizara ya Mitambo na Maendeleo yenye jengo refu la vioo, na katika ghorofa ya nne ya jengo hilo palikuwa na mwanamke mpika chai aitwaye Sikudhani, ambaye hakuwa na ugomvi na mtambo wowote.

Waziri wa Wizara hiyo, Mheshimiwa Bombo, aliwahi kusafiri kwenda nchi tajiri. Huko akawaona vijana wamekaa na vikombe vya kahawa, miguu juu ya meza, wanaandikiana kwenye simu habari za mitambo mipya. Huyu anasema simu fulani betri yake mbovu, yule anasema bosi wake anamchosha, mwingine anacheka tu. Na nchi yao imejaa madaraja! Mheshimiwa aliwaza sana ndani ya ndege wakati wa kurudi, akakataa hata kuku aliyeletewa, na ndege ilipotua alikuwa ameshapata jibu. Utajiri ule wote umeletwa na porojo.

Ikatungwa Sheria ya Porojo. Vijiwe vya mitaani vikafungwa, mabenchi ya wauza kahawa yakazolewa na lori, na mahali pake kikafunguliwa Kijiwe cha Taifa, ndani ya simu. Kila mfanyakazi, awe daktari awe mfagia barabara, alitakiwa aingie Kijiweni saa za kazi apige porojo juu ya mitambo na maisha ya kazini. Na porojo yenyewe iwe nyepesi. Mwalimu mmoja wa hesabu aliandika kwamba kompyuta za shuleni kwake zimekuja lakini umeme haujaja, akasimamishwa kazi kwa kosa la kukaza uso. Walikuwapo Wakaguzi wa Wepesi, wamevalishwa mashati ya maua kwa amri, kazi yao kusoma kila neno na kupima kama limesemwa kivivu inavyostahili. Komenti isiyo na kicheko hata kimoja ilifichwa.

Kifungu kilichowatesa watu zaidi kilihusu matengenezo. Mtambo ukiharibika, fundi haruhusiwi kuugusa mpaka habari yake ipigiwe porojo Kijiweni ikolee. Ikikolea, taa nyekundu inawaka kwenye simu ya fundi, ndipo anafungua sanduku lake. Akigusa kabla ya hapo ameua mjadala, na kuua mjadala ilikuwa kesi kubwa kuliko kuiba ng'ombe. Pampu ya maji ya mtaani kwa kina Sikudhani ilikuwa inajadiliwa tangu mvua za mwaka wa nyuma. Wanawake walichota maji mtoni, lakini mjadala, wenyewe walikiri, ulikuwa mtamu.

Chumba cha chai cha Sikudhani kilikuwa kidogo, kimepakana ukuta na lifti. Birika lake lilikuwa la bluu, limebanduka rangi shingoni, na alilifunika kwa kitambaa cha maua ya njano alichokifuma mwenyewe. Mlangoni palikuwa na msumari, na kwenye msumari palitundikwa koti la mumewe, Mfaume, tarishi wa hapohapo Wizarani, mbeba majalada. Mfaume alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikaa kwenye mfuko wa koti hilo, na koti lilikaa msumarini kwa sababu kulikuwa na joto.

Lifti ya zamani ya jengo lile ilikuwa na vitufe na mlango wa nondo, ikikupeleka unakotaka kwenda, jambo ambalo Waziri alilitaja kuwa la kishamba. Ikaletwa Lifti Yenye Akili. Hii haikuwa na kitufe hata kimoja. Ukiingia inakutazama, inaamua yenyewe wapi unastahili kupelekwa. Karani mmoja kila alipotaka kupanda ilimshusha, mpaka akaacha kuomba cheo. Ngazi zikafungwa mnyororo ili lifti isijisikie vibaya. Watu wadogo waliinama wakapita chini ya mnyororo, hakuna aliyewasemesha, lakini majalada ya Serikali yalipigwa marufuku kupita ngazini.

Ndiyo maana asubuhi ile Mfaume aliingia kwenye lifti na majalada yake kifuani. Sikudhani alikuwa anachuja chai aliposikia ukuta unagongwa.

"Mama Zena! Upo?"

"Nipo. Unapigia kelele wapi?"

"Humu ndani ya ukuta wako."

Sikudhani akaweka birika chini. "Imesimama?"

"Imesimama. Nimeiomba kwa adabu, nimeiamkia shikamoo, haisemi kitu."

"Na dawa unayo?"

Mfaume akakohoa kwanza, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "Koti lipo hapo?"

Sikudhani akageuka. Koti lilikuwapo.

Alishuka ngazi mbiombio, akapita chini ya mnyororo, kanga ikanasa, akaiacha hukohuko. Fundi wa lifti, Chilumba, alikuwa chini amekalia sanduku lake la vifaa. Zamani alikuwa mtu mkavu, mwenye mikono ya grisi. Tangu sheria ije alikuwa amenenepa, na macho yake yamekuwa kama ya mtu aliyefiwa.

"Fundi, rafiki yako kakwama."

"Najua, shemeji. Nimeisikia ikilia. Ni breki imeng'ang'ania, kazi ndogo tu."

"Basi inuka twende!"

"Imekolea?"

"Haijaandikwa hata Kijiweni."

"Basi kaandike, shemeji yangu, kaandike upesi. Mwenzangu Nangoma aliigusa jenereta ya hospitali kabla ya taa. Yeye wamemfunga, na jenereta wameizima upya ili mjadala uendelee ulipoishia." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kugusa siruhusiwi, kusema sijakatazwa. Mlango wa ghorofa ya nne ukiupenyezea mwiko upande wa kulia, unaachia nafasi ya vidole. Juu ya paa la lifti kuna tundu la hewa. Kamba unayo?"

Kamba hakuwa nayo, alikuwa na uzi wa kufumia. Alipenyeza mwiko, mlango ukaachia upenyo, na kule chini, kizani, akaona vidole vya mumewe vimechomoza kwenye tundu kama vya mtu anayesubiri kukaguliwa kucha. Akafunga kichupa cha dawa kwenye uzi, akakishusha taratibu, uzi wa njano. Vidole vikakidaka. Akasikia mvuto mmoja, halafu wa pili, halafu kichupa kikitikiswa sikioni.

"Imebaki nyingi?" akauliza.

"Ipo," alisema Mfaume. Hakusema ni kiasi gani.

Sikudhani akatoa simu yake ya kioo kilichopasuka, akaandika Kijiweni: *Mume wangu amekwama kwenye lifti ya Wizara. Ana pumu. Naomba msaada wenu.*

Komenti ikafichwa papo hapo. Mkaguzi wa Wepesi akamwandikia: *Ndugu mwananchi, maneno yako ni makavu. Tafadhali legeza uso ujaribu tena.*

 Ukutani Mfaume alikohoa, kikohozi kile cha kuvuta kamba, na Sikudhani akaandika: *Jamani mume wangu kakwama kwenye lifti, he he he.*

Hiyo ikapita. Ikapita kama maji kwenye mfereji. Watu waliitwa kwa majina ya Kijiweni, si yao, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

*Aizime aiwashe,* aliandika Injinia Bila Cheti. *Mitambo yote ni hivyo tu.*

*Bora yeye kapata pa kujificha,* aliandika Mtoto wa Bohari. *Bosi wetu anatufuata mpaka chooni, he he.*

*Wangu mimi simu ndiyo lifti yake,* akasema Mama Pilipili. *Kaingia hatoki.*

*Nani kasema lifti yetu imekwama?* akauliza Mzalendo Kindakindaki. *Huyu mama ametumwa na lifti za nchi jirani.*

Basi wakagombana. Wako waliosema lifti yenye akili ina haki ya kupumzika kama mfanyakazi mwingine, wako waliosema ikipumzika yenyewe na wao wapumzike. Katikati ya yote hayo mtu mmoja asiye na picha akaandika, *Dada, ana pumu kweli? Mbona unacheka?* Sikudhani akaandika haraka, *Nalazimishwa kucheka, ni kweli, nisaidie*, na jibu hilo likafichwa kwa kukaza uso, na yule mtu asiye na picha hakuonekana tena.

Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na mshale wa kuonyesha porojo imekolea kiasi gani. Ulikuwa umefika nusu ilipoingia habari ya simu mpya inayojikunja kama chapati. Kijiwe kizima kikahama. Watu wakauliza kama ikipashwa moto inalainika, wakatumiana picha za chapati, wakacheka, na mshale wa lifti ukaanza kushuka.

Sikudhani alipouona unashuka, alijua la kufanya, na hakulipenda. Akaandika, *Mume wangu leo kanyamaza, nyumba imepata amani, he he.* Mshale ukasimama. Akaandika, *Nimemwambia alale humohumo, akikoroma lifti itadhani ni injini.* Mshale ukapanda. Akaandika habari za miguu ya mumewe, akaandika habari za mama yake mzazi Mfaume, Mungu amrehemu, akaandika namna mumewe alivyokuja kuposa amevaa kiatu cha kuazima. Yote ambayo wake na waume hucheka wakiwa wawili, aliyatoa akayatandaza barazani kwa Taifa. Komenti zikawa zinamiminika.

"Mama Zena," sauti ikatoka upenyoni. "Wananicheka?"

"Wanakucheka sana, mume wangu."

Kikasikika kichupa kikitikiswa.

"Umewaambia na ile ya kuanguka kisimani?"

"Hiyo bado."

"Waambie."

Akawaambia. Mshale ukafika karibu na mwisho, pakabaki upana wa punje ya mchele, ukagoma. Watu wanacheka, wanapenda, wanatumiana, mshale palepale. Akashuka kwa Chilumba, naye alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Haiwaki, shemeji. Kuna mtu kaushikilia."

Mtu mwenye uwezo wa kuushikilia alikuwa mmoja, Dokta Magamba, Mkurugenzi wa Porojo. Sikudhani alimkuta ofisini, miguu juu ya meza kwa mujibu wa kanuni, ila kwa kuwa alikuwa mfupi, aliwekewa kigoda juu ya kiti apate kuifikisha. Pembeni walikaa makatibu wake, mmoja wa lugha, mmoja wa vichekesho.

"Mheshimiwa, mume wangu yuko ndani ya lifti tangu asubuhi. Hewa hana. Naomba fundi aruhusiwe."

"Mama, kwanza tusahihishe lugha. Lifti ya Taifa haikwami. Yanayokwama ni mabaiskeli. Lifti hii inatafakari."

"Inatafakari nini, Mheshimiwa?"

"Ahaa! Hilo sasa ndilo swali la kisomi! Na sisi ni nani tuikatize? Tukiikatiza leo, kesho lifti gani itakubali kufikiri katika nchi hii?" Akamgeuzia simu yake aone. "Tazama, mama. Tangu Kijiwe kifunguliwe hatujapata porojo tamu kama hii ya mumeo. Wameacha hata chapati."

"Basi imeshakolea."

"Ingekolea ingekwisha. Kitu kama hiki hakiepuliwi kinapoanza kunukia. Wewe mpika chai unanielewa."

"Chai ikizidi kuchemka inakuwa chungu, Mheshimiwa. Na anayechemka ni mtu."

Katibu wa vichekesho alikuwa ameinama anaandika. "Hiyo ya chai nzuri sana, mama," alisema. "Tunaomba tuitumie."

Sikudhani akapiga magoti. Dokta Magamba alipomwona sakafuni alisikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya, akamwagizia soda. Kisha akaeleza kwamba Waziri ameshapewa habari, amefurahi, na atakuja mwenyewe asubuhi.

Alasiri walinzi walifunga jengo. Sikudhani aliwaambia mumewe yumo, wakasema wao wanahesabu watu wanaotoka, wanaobaki hawawahusu. Aliomba ashushe chai kwanza. Wakamruhusu, mmoja akaomba na yeye kikombe. Akaijaza kwenye kichupa cha asali, akaishusha kwa uzi.

"Sukari nyingi," alisema Mfaume huko chini, sauti imekuwa ndogo.

"Utahitaji nguvu."

"Mama Zena. Dawa imekwisha tangu mchana. Sikutaka usikie ukiwa unachekesha watu."

Walinzi wakamshika mkono, kwa heshima, wakamtoa.

Asubuhi ukumbi ulikuwa umetandikwa zulia mpaka mlango wa lifti. Walikuja wapiga picha, wakaja wapiga tarumbeta, akaja Mheshimiwa Bombo kwa ngazi, amefunguliwa mnyororo. Sikudhani aliwahi upenyoni, akaita, akajibiwa kwa kugongwa tu, mara mbili, polepole. Akasogezwa nyuma ya wapiga tarumbeta.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Wenzetu wameweka ofisi chini, wakaweka ofisi juu, wakafika mwisho wa akili. Ni nani duniani aliyewahi kuwa na ofisi isiyo chini wala juu? Leo hii, mimi, kwa mamlaka niliyopewa, nazindua Ofisi ya Kuning'inia! Na mkuu wake ni mtu wa kwenu, mtu wa chini, ambaye sasa si wa chini tena. Mkurugenzi Mfaume! Mfanyakazi asiyechelewa! Asiyetoroka! Asiyekwenda misibani!"

Ndani ya ukuta kukagongwa. Kukagongwa tena, kwa nguvu, kama mtu anayejitupa kwa bega.

"Msikieni!" Waziri akapaza sauti. "Anapiga makofi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, tarumbeta zikalia, na kugongwa kule kukapotea ndani yake.

Kwa kuwa Mkurugenzi atakuwa na shughuli nyingi, ikatangazwa kwamba Lifti yenyewe itamsaidia kuandika Kijiweni kwa jina lake na picha yake. Mfaume maisha yake yote alikuwa na simu ya tochi, porojo yake ya lazima akiandikiwa na mkewe. Lakini kabla zulia halijakunjwa, wananchi walikuwa wameshapata ujumbe wake wa kwanza: *Asanteni kwa kuniamini! Huku juujuu hewa safi, he he.*

Sikudhani akasoma, akamkimbilia Chilumba. Alimkuta ameshika simu, uso umempauka.

"Mshale umefutwa," alisema Fundi. "Sasa hiyo si lifti, shemeji. Ni ofisi. Ofisi haitengenezwi."

"Chilumba. Mmekula sahani moja wewe na yeye."

"Nina watoto, shemeji."

"Hata yeye ana mtoto."

 Chilumba akainuka kutoka kwenye sanduku alilolikalia miaka yote ile, akaenda mpaka dirishani, akampa mgongo, akaanza kutazama nje kwa bidii, kana kwamba huko nje kuna kitu. Sanduku hakulifunga.

Sikudhani akachukua mtaimbo.

Alipanda nao ngazi zote, na watumishi wakatoka maofisini kumtazama. Alipouchomeka mlangoni akaanza kuukandamiza, walikuwa wamejaa ukumbini, na kila mmoja ameinua simu. Akawaambia, "Nisaidieni, mlango mzito." Wakaandika kwamba mama mpika chai anasema mlango mzito. Mmoja aliuliza Kijiweni kama ni halali kusaidia, akaambiwa swali zuri, likaanza kujadiliwa. Mlinzi alisogea amkamate, akasita, maana hata kukamata ilibidi ajue kwanza mtaimbo ni mtambo au si mtambo.

Mlango ukaachia kwa kishindo. Akarukia juu ya paa la lifti, akang'oa bati la tundu, akashuka kwa mikono yake, mwanamke wa umri wake.

Mfaume alikuwa amekaa juu ya majalada, mgongo ukutani, uzi wa njano umemzunguka vidoleni. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Sikudhani akamshika shavu. Akamwita jina lake, si Baba Zena, jina lake hasa, ambalo hakuwa amemwita tangu waoane. Juu yao, pembeni ya tundu, simu zilikuwa zimepangana duara, zinamulika.

Daktari wa Wizara alikuja, akampima mapigo ya mkono, akampima ya shingoni, kisha akatoa simu yake akaisoma kwa muda mrefu.

"Mama, hapa Mkurugenzi ameandika sasa hivi kwamba anajisikia vizuri kuliko jana."

"Si huyu hapa, daktari? Mguse mwenyewe!"

"Nimemgusa, mama, na pole sana. Lakini mimi nani nibishane na mgonjwa?"

Hivyo Mfaume hakufa kiserikali. Majirani walimzika bila kibali, kaburi lisilo na kibao, binti yao Zena akafika akakuta udongo umeshakauka. Wizarani Ofisi ya Kuning'inia ikasafishwa, ikapakwa rangi, ikafungwa tena, na mkuu wake akasifiwa kwa kupiga porojo mchana kutwa bila kuomba likizo. Chilumba alikamatwa kwa kutazama dirishani. Sikudhani hawakumfunga, kwa heshima ya cheo cha mumewe. Walimrudisha kwenye birika lake, na kila asubuhi simu yake ilimwandikia: *Mkurugenzi Mfaume angependa kupiga porojo nawe.* Aliifuta. Ikaandika tena. Aliifuta.

Siku moja mchana, vikombe vimeoshwa, vimepinduliwa juu ya sinia, hakuifuta. Alikaa akaitazama ile picha ndogo. Kisha akaandika kwa kidole kimoja:

*Baba Zena, umekula?*

Kidole hakijaondoka kwenye kioo, jibu likaingia: *Nimekula vizuri sana, mke wangu! Umesikia habari za simu mpya?*

Sasa, Mfaume hakuwa mtu wa kujibu upesi. Ukimuuliza kama anataka ugali au wali, kwanza atatazama mlangoni, atajikuna kisigino, atakohoa, mpaka wewe mwenyewe usahau ulichouliza, ndipo aseme chochote kitakachopatikana. Kwa jambo hilo waligombana miaka na miaka, Sikudhani akisema ipo siku atakufa anasubiri jibu.

Akaandika, *Umelala vipi?*

*Nimelala kama mfalme!* Papo hapo.

Akaandika, *Huko kuna baridi?*

*Baridi hamna, kazi tu!* Papo hapo.

Wakaguzi wa Wepesi walikuwa wanasoma, wakafurahi kuona mama wa watu amelegea hatimaye, wakamtumia ua. Sikudhani hakuliona. Aliandika swali jingine, refu kidogo, habari za Zena na mimba yake, akalituma. Halafu akaiweka simu mezani kando ya birika bila kuangalia kioo, akaweka mikono mapajani, akafumba macho. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu, kwamba safari hii achelewe.